Transista Zilizosuguliwa kwa Majivu

Kabambare, tarehe 21 mwezi wa saba 2024

Mudogo wangu Djamali,

Sasa hivi tu Nuru amechukua kifuniko cha sufuria, amekiweka sikioni, anasema: "Alo? Mujomba? Kuja kula." Halafu akaningoja mimi nijibu kwa sauti yako. Nikajibu kwa sauti nzito, "Niko nakuja, mama," akanitazama namna watu wanatazama mwongo, akarudisha kifuniko mahali pake. Miaka miwili na miezi mine, na tayari hadanganyiki. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitasahau.

Basi salamu. Huku tuko, tunakula, tunalala. Macho ya Baba yamezidi kufifia, lakini kelele zake ziko nzima kabisa. Mupunga uko ghalani. Mama mukwe anakusalimia. Baba Nuru, Iliasi, iko nyumbani siku hizi, anapumzika kidogo, naye anakusalimia.

Sasa neno lenyewe. Ibrahim motari, yule wa pikipiki, alinifikishia ujumbe wako wote: kwamba ile kozi ya elektroniki ya analogi imekuangusha, kwamba sesio ya pili ya mitihani ni mwisho wa mwezi wa tisa, kwamba kila mutu lazima atengeneze ampli, mashine ya kukuza sauti, kwa mikono yake na ilie saa nzima mbele ya juri ya walimu, na kwamba transista hazipatikani sokoni Kasongo. Nimemwambia Baba. Akasema: "Akianguka tena, machimbo ya Lusangi yanamungoja. Shimo halina sesio." Unamjua.

Nikazunguka. Nyumba kwa nyumba, Nuru mugongoni: "Hodi, muko na redio iliyokufa?" Mama mumoja wa sokoni akaniuliza, "Mama Nuru, siku hizi unazika redio?" Nikamwambia, "Natafuta roho zao tu, mwili nitakurudishia." Nimepata redio kumi na moja. Nilizifanya namna ulivyomwelekeza Ibrahim: bisibisi nimeichoma kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, nikagusa nyuma pale risasi inapong'aa, nikavuta kwa kibano cha mama mukwe cha kutolea miiba. Vidudu vyeusi vya miguu mitatu, arobaini na tatu. Cha arobaini na ine kiliungua, unisamehe.

Vilikuwa vichafu, Djamali! Mafuta, moshi, mavi ya mende. Na wewe unanijua, kitu hakitoki kwangu kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Hata bakuli la jirani linarudi limesuguliwa. Nimevisugua kimoja kimoja kwa majivu na mchanga laini wa mutoni, kama sufuria za sikukuu, mpaka vikang'aa. Nikavianika kwenye ungo. Walimu wako wasiseme umetoka kwa watu wachafu.

Nieleze vinafanya kazi gani. Niliachia darasa la tano, lakini ukisema polepole nitasikia.

Baba iko hapa pembeni, ananiuliza, "Umeandika nilivyosema?" Ninamujibu, "Naandika, Baba, kalamu ndiyo hii." Ibrahim anaondoka kesho asubuhi.

Dada yako mukubwa, Yaya Amisa


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa nane 2024

Yaya Amisa,

Mwambie Nuru mujomba alisikia simu yake, ni kifuniko cha huku Kasongo ndicho hakina mtandao. Mimi mzima. Chumba ni kile kile, na Zakaria, yule ninayekaa naye, ni yule yule: anakoroma, anakula ugali wangu, halafu ananiombea dua.

Shemeji Iliasi anapumzika? Katikati ya kiangazi, mashimo yamekauka na kila mtu anachimba? Niambie vizuri.

Umeuliza transista inafanya kazi gani. Mtazame mama mukwe wako. Yeye anakonyeza jicho tu, na ninyi wote mnakimbia: mmoja maji, mmoja kuni, mmoja kiti. Transista ni hivyo. Mguu mmoja unapata mkonyezo mdogo wa umeme, na kati ya ile miguu mingine miwili umeme mwingi unakimbia. Sauti yako ndogo inaingia kwenye mikro, inakonyeza, na kwenye bafle, ile spika, inatoka sauti kubwa. Ugumu ni kuufanya umeme ukimbie kwa kiasi, usilale, usipate wazimu. Kozi yote ni hiyo, na hapo ndipo nilipoanguka.

Mzigo ulifika salama, vyote arobaini na tatu. Vinang'aa sana. Zakaria aliuliza kama ni transista ama shanga za bibi harusi. Asante, yaya. Najua ulivyotembea na mtoto mgongoni kwenye lile jua.

Ukipata vingine, usijichoshe kuviosha. Tuma hivyo hivyo na vumbi lake. Nimekumbuka vumbi la nyumbani.

Mdogo wako, Djamali


Kabambare, tarehe 9 mwezi wa nane 2024

Djamali,

Nuru ndiye amenionyesha. Hebu sikia.

Sote tuko salama. Barua yako nilimsomea mama mukwe mpaka pale anapokonyeza jicho. Akasema, "Huyu kijana anasoma kweli." Halafu akakonyeza jicho, nami nikakimbia kuleta kiti.

Jana jirani aliniletea redio nyingine. Nikatoa vitatu. Nikasema nivisugue kidogo tu, maana lile neno lako la vumbi nililiona ni la huruma. Nikasugua kimoja. Nuru akashika cha pili, akakileta karibu na jicho langu, anasema, "Mama, soma." Kila kitu chenye alama kwake ni barua. Nikatazama. Kwenye tumbo kuna maandishi meupe, madogo kama mayai ya chawa. Herufi na namba. Nikatazama kile nilichokwisha kusugua. Tumbo liko jeusi, laini, hakuna kitu.

Nilikaa chini, Djamali.

Ile namba ndiyo jina lake, si ndiyo? Ndiyo inayokuambia hii ni ya kazi gani, muguu gani ni muguu gani. Na mimi nimekufutia majina arobaini na tatu kwa majivu yangu. Halafu unaniandikia habari ya vumbi la nyumbani.

Hivi viwili ninakutumia na uchafu wote. Vilivyobaki ni viwili tu, hakuna redio nyingine mbovu katika Kabambare nzima. Niambie kweli: nimekuangusha?

Amisa


Kabambare, tarehe 27 mwezi wa nane 2024

Djamali,

Nuru ana mafua, lakini anacheza. Ibrahim amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema alikukuta mara moja tu, ukasema "bado". Bado nini?

Niandikie hata kama ni ya hasira. Nina kifua cha kupokea.

Amisa


Kasongo, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Yaya wangu,

Nisamehe. Natumaini mafua ya Nuru yamekwisha, na kwamba Baba anapaka ile dawa ya macho. Na shemeji? Nilikuuliza, hukujibu. Nauliza tena.

Nikwambie kweli, kwa kuwa umeomba kweli. Siku mzigo ulipofika, nilivimwaga kitandani, nikatafuta namba kwenye cha kwanza, cha pili, cha kumi. Zakaria alicheka mpaka akakaa chini. "Ndugu yako amekuletea yatima arobaini na tatu!" Nilikasirika. Si kwake tu, hata kwako. Niliandika barua nikaichana. Ulipofika ule ukurasa wako wa Nuru na "Mama, soma", nikashindwa kuandika kabisa, maana hasira ilikuwa imekwisha na sikuwa na habari nyingine ya kukupa.

Nilichofanya ni hiki. Niliazima mita ya Zakaria, nikaanza kuvipima. Kila kidudu, mguu kwa mguu, mpaka nijue upi ni wa kukonyezwa na ipi ni ya kukimbiliwa. Vitano vilikuwa vimekufa. Vilivyobaki nikapima kila kimoja kinakuza mara ngapi, nikakibandika karatasi. Siku tisa. Yaya, hapo nikaona kitu ambacho sikukiona darasani: kimoja kinakuza mara themanini, jirani yake, umbo lile lile, mara mia tatu na kumi. Nilijenga ampli na cha kwanza, ikalia vizuri. Nikaweka cha pili mahali pake, ikafoka kama paka na kunyamaza.

Nikaenda kwa asista wetu, yule msaidizi wa profesa, Mama Victoire, na lile daftari la vipimo. Akalifungua, akafunua kurasa, akaniuliza:

"Nani amekuambia uvipime vyote?"

"Hakuna, mama. Havina majina. Yaya yangu aliviosha."

"Aliviosha?"

"Kwa majivu."

Akaficha mdomo kwa daftari langu, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Halafu akasema: "Wenzako wanasoma namba, wanafungua kitabu, wanaamini. Ila hata viwili vya namba moja havifanani, wewe umeona kwa macho yako. Usitafute transista nzuri, Djamali. Chora mzunguko usiojali ni ipi imeingia."

Akanionyesha. Kwenye mguu wa kutokea umeme unaweka rezistansi ndogo, kitu cha kuubana. Umeme ukizidi kukimbia, kule kubanwa kunapunguza mkonyezo, na umeme unarudi kwenye kiasi. Ukipungua, mkonyezo unaongezeka. Inajirekebisha yenyewe. Unapoteza nguvu nyingi, ile ya mara mia tatu inakuza mara kumi tu. Lakini ya mara themanini nayo inakuza mara kumi. Nikaweka mbili zikifuatana ili nirudishe nguvu.

Juri ni tarehe 27. Sijui kama itakubali saa nzima. Kwangu imefika dakika arobaini, halafu inaanza kunung'unika.

Hujaniangusha bado. Ngoja tuone.

Djamali


Kabambare, tarehe 16 mwezi wa tisa 2024

Mudogo wangu,

Nuru amepona, na kupona kwake ni kumwaga maji kwenye viatu vya babu yake. Baba alivaa, akatoa sauti ya ndege. Mvua ya kwanza imepiga. Tumepanda.

Barua yako nimeisoma mara ine. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikamtukana huyo Zakaria, mara ya tatu nikachukua kalamu nikachora miguu mitatu, mara ya ine nikaelewa. Niko na sufuria ya maharagi hapa jikoni. Ikichemka sana inamwagika, yale maji yanaangukia kuni, moto unapungua, sufuria inatulia. Moto ukipanda tena, inamwagika tena. Hakuna mutu anayeigusa. Ni hivyo? Kama si hivyo usiniambie mbele ya Zakaria.

Hiyo kunung'unika kwa dakika arobaini: inapata joto? Redio ya Baba zamani ilikuwa inanung'unika hivyo mpaka unafungua mulango wake wa nyuma, inapata hewa. Pengine ni ujinga wangu.

Usile kidogo kwa sababu ya masomo. Kula.

Amisa


Kasongo, tarehe 4 mwezi wa kumi 2024

Yaya Amisa, Mama Nuru,

Keti kwanza. Kama umesimama jikoni, keti.

Nimepita. Kumi na ine juu ya ishirini.

Tulikuwa kumi na saba kwenye lile darasa, meza imejaa nyaya. Nilifungua sanduku la ampli upande wa nyuma kabla ya kuanza, maana zile transista za kusukuma bafle ndizo zilikuwa zinaoka ndani, na nilizipigia kipande cha bati cha kutolea joto. Kila mmoja alisema maneno kwenye mikro. Wengine walihesabu moja mbili tatu, mmoja akasoma katiba. Nilipofika mimi kichwa kikawa kitupu, nikasikia nasema, "Nuru, njoo kula." Bafle ikalijaza darasa zima. Watu wakacheka, na sauti ilikuwa safi.

Dakika ya ishirini, Mama Victoire akainuka na kikopo chake. Hakutuambia mapema. Akapita meza kwa meza: "Toa transista ya kwanza. Weka hii." Yaya, ungesikia lile darasa! Moja ikafoka, moja ikakoroma, ya Zakaria ikazima kabisa. Alipofika kwangu nikakishika kwa haraka mpaka miguu ya kidudu ikapinda. Nikaweka. Nikasema, "Nuru, njoo kula." Ikawa sauti ile ile. Akatoa, akaweka nyingine. Ile ile. Mzee mmoja wa juri akauliza, "Umetumia namba gani?" Nikasema, "Sijui, baba. Sikuwahi kuijua." Mama Victoire akatazama dirishani.

Saa nzima ilipita bila kunung'unika. Tulikuwa wawili tu tulioipita ile ya kubadilisha.

Zakaria ameanguka. Hatuzungumzi sana siku hizi. Mita yake nimemrudishia, nikaosha kabla ya kumrudishia, na hakucheka.

Maharagi ni hivyo hasa. Sikumwambia mtu, nimeyaweka kwangu.

Masomo ya mwaka wa tatu yanaanza mwezi ujao. Sasa mimi nimekuambia yangu yote. Nimekuuliza habari za shemeji mara mbili, na hii ni ya tatu. Amisa, Iliasi iko namna gani?

Djamali


Kabambare, tarehe 13 mwezi wa kumi 2024

Djamali wangu,

Nuru amelala kifudifudi juu ya barua yako, shavu liko juu ya "nimepita" na mate yamefanya ziwa dogo pale. Sitamuondoa. Ninaijua yote kwa kichwa.

Nilikuwa nimekaa, namna ulivyosema. Nilivyofika kwenye ile kumi na ine nikasimama, nikazunguka nyumba mara mbili nikipiga makofi, kuku wakakimbia, mama mukwe akatoka akidhani kuna nyoka. Nilivyomwambia, akatupa ufagio, tukazunguka naye ya tatu. Mungu asifiwe.

Sasa nikujibu. Nilinyamaza, sikukudanganya, ingawa najua hayo mawili ni ndugu wa karibu.

Tarehe tisa ya mwezi wa saba, kule Lusangi, udongo ulishuka shimoni. Iliasi alikuwa ndani. Wenzake walimtoa kwa mikono, iliwachukua mpaka jua kusimama kichwani. Muguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Walimleta kwa moto, ile pikipiki ya Ibrahim, yeye ndiye aliyemubeba, wamefungwa pamoja kwa kitenge changu alichokuwa anajifunikia kule, ili asianguke. Ndiyo kupumzika kwenyewe. Sasa iko anatembea na fimbo, muguu umekuwa mufupi kidogo, lakini yeye iko hai, na anasuka vikapu vibaya sana, tunavisifu.

Na unajua desturi ya timu za kule: nafasi shimoni ni ya nyumba, si ya mutu. Mutu akiumia, nyumba inaleta mwingine kabla mwezi haujaisha, kama sivyo nafasi inapewa wengine. Baba akaniita. Macho yake hayaandiki tena. Akasema, "Mwandikie Djamali. Mwambie shemeji yake ameumia, aje ashike nafasi yake. Masomo yenyewe yamemushinda."

Nikachukua kalamu mbele yake. Nikaandika habari ya kifuniko cha sufuria.

Ile ndiyo barua uliyopata, mudogo wangu. Baba alikuwa pembeni ananiuliza, "Umeandika nilivyosema?" na mimi naandika transista. Ibrahim nilimwapisha asikuambie, kila safari namwapisha upya. Kwa sababu nakujua. Ungekuja hata kabla ya kumaliza ukurasa. Ungevaa kofia ya Iliasi iliyo na udongo wake bado, ungeshuka katika lile shimo, na ungesema unafanya kwa ajili ya Nuru. Nilimwona mutu mumoja aliyetolewa mle. Sikutaka kumwona wa pili.

Ndiyo maana niliyasugua sana yale madudu. Usiku... apana, mchana kutwa nilikuwa nasugua, na kila nikisugua nasema, haendi, haendi, haendi. Nilisugua mpaka nikakutolea majina. Ningesugua kidogo kwa moyo uliotulia, yangebaki.

Nafasi imekwenda kwa wengine. Baba alifikiri umekataa kuja, na mimi nikaacha afikiri hivyo, miezi mitatu. Hilo ndilo linaloniuma. Alikukasirikia kwa kosa langu. Basi juzi nilimsomea barua yako. Pale mama asista anapobadilisha transista akaniambia, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Halafu nikaweka barua chini nikamwambia yote, na magoti yangu chini. Akavua kofia, akaigeuza mkononi, akaivaa kinyume. Akasema, "Nilidhani nina mutoto mumoja mukaidi. Kumbe ni wawili." Nikangoja matusi mengine. Akasema, "Sasa ile ya mzee wa juri, aliyeuliza namba. Nisomee hiyo."

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Najua ukimaliza kusoma hapa utatafuta moto ya kukuleta. Usije. Iliasi mwenyewe anasema usije, anasema wewe ukija atakupiga kwa fimbo na hana mbio za kukufuata, itabidi usimame. Anza mwaka wako wa tatu. Sisi tuko na mupunga, tuko na mikate yangu ya asubuhi ninayouza. Mimi naanza tena darasa la jioni hapa parokiani, wanapokea mama wenye watoto hata kama ni Waislamu, nitaanzia pale pale kwenye la tano. Nuru atakaa chini ya meza. Nataka barua zako nizisome mara moja tu nielewe, si mara ine.

Na ile siku utasimama mbele ya watu wote na karatasi yako ya mwisho, Djamali, sitakubali kukaa nyuma. Nitakuja kwa moto ya Ibrahim hata kwa matope, nitakaa mbele kabisa, Nuru juu ya mapaja, na wakisema jina lako nita

ngoja, Iliasi ananiita huko nje, "Mama Nuru! Mama Nuru, kimbia, mvua, mupunga uko kwenye mukeka!" Nakuja! Wakisema jina lako tu, mudogo wangu, mimi nitasimama, nipige makof